Kitambaa cha Karani wa Mwaloni

Tangu viwanda vya minofu ya samaki vifunguliwe, kila mtu mwaloni Kirumba, ufukwe wa ziwa wanakoshushia samaki, ana haraka, isipokuwa karani anayeangalia mitumbwi kwa darubini. Kwanza hupuliza mchanga kwa kipira cha kutoa hewa, kisha hupitisha brashi laini, ndipo hufuta lenzi kwa kitambaa cha pamba, taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni. Vidole vyake havigusi kioo. Hamwachii mtu darubini hiyo. Wengi wangeifuta kwa pindo la shati na kuikwaruza.

Asubuhi moja baada ya dhoruba, mtumbwi wa Machibya ulikuwa haujarudi. Boti ya injini ilingoja kuelekezwa, na upepo ulikuwa umejaza lenzi mchanga. Karani akatoa brashi.

"Shemeji, tazama basi!" Odeta, mke wa Machibya, alimlilia. "Mume wangu anazama, wewe unasugua?"

"Mwacheni, anampamba bibi harusi!" mchuuzi mmoja akadakia.

Mikono ya karani haikuongeza kasi. "Nikifuta lenzi ikiwa na mchanga itakwaruzika, shemeji, sitamwona leo wala kesho."

Akatazama.

"Kushoto kwa kile kisiwa," akawaambia wa boti. "Mtumbwi umepinduka, mtu ameushikilia. Kimbieni!" Akamgeukia Odeta. "Alivaa nini?"

"Shati jekundu."

Karani akavua mkanda wa darubini, akamvika Odeta shingoni.

"Ndiye!" Odeta akapiga kelele. "Anapunga mkono!"

Machozi yake yakalowanisha vioo. Kitambaa kilibaki mfukoni mwa karani.