Milio Sita ya Kinshasa

Miaka ya sabini, tulipokuwa tukiishi Kashikishi, kando ya ziwa linalotutenga na Kongo, mume wangu alikuwa mtumwa wa sekunde. Siku moja alichelewa kidogo tu, na lori la barafu linalopeleka samaki Ndola likaondoka huku anaitazama saa yake ya mkononi, ambayo ilikuwa ikikimbia na kusinzia itakavyo. Akaapa haitamwaibisha tena.

Akanunua redio iliyovuka ziwa kutoka Kongo. Iliishika vizuri Kinshasa peke yake, na Kinshasa walikuwa na milio ya saa: mitano mifupi, wa sita mrefu. Wa sita unapoanza, ndipo saa inapotimia. Basi kila jioni mume wangu aliisimamisha saa, akaweka kidole tayari, na nyumba nzima tukakatazwa kupumua. Mtoto akikohoa alitolewa nje. Mlio wa sita ukilia, kidole kilibonyeza, naye akatutazama kama aliyeombwa ruhusa na jua.

Wiki hiyohiyo ya redio nilikuwa na samaki wangu wa kwanza wa biashara, wabichi, makapu niliyoyanunua kwa jasho langu. Lori lilikuwa liondoke saa moja asubuhi. Nilipoona jua limepanda nikamwambia twende. Akanionyesha saa: hata kumi na mbili ilikuwa haijafika. Nikamwamini, mjinga mimi.

Tulifika kwa raha zetu. Pale linapopakiwa lori palibaki maji ya barafu mchangani. Mume wangu akaanza kumlaani dereva kwamba ameondoka mapema. Mchuuzi mmoja Mkongo, wa Lubumbashi, alimsikiliza, akamwuliza anafuata redio gani.

“Mulamu,” akamwambia, kama shemeji yake, “Kinshasa beko nyuma yetu na lisaa limoja. Hata siye ba Lubumbashi hatufwatake saa yao.”

Mume wangu akaiweka saa sikioni.

“Lakini sekunde iko juste, sawasawa,” akasema.

Nilikasirika. Samaki walikuwa wameshaanza kulegea.

“Sawa, Papa. Uzisha basi sekunde sokoni,” nikamwambia.

Nilishinda nikiwapasua na kuwaweka juu ya moshi, machozi yakinitoka, na si ya moshi tu. Alileta kuni bila kuambiwa.

Jioni akaizungusha saa mbele, duru nzima ya mshale mrefu, akaisimamisha, akaweka kidole. Mlio wa tano ulipolia nikakohoa, kwa nguvu na kwa makusudi. Hakuthubutu kunitoa nje.