Kuvua Juu ya Kijiji Kilichozama

Mama yangu alikuwa anangoja ziwa likauke. Wazungu walipojenga ukuta wa kuziba mto Lualaba ili wapate umeme wa migodi, waliwaambia watu wa kijiji chetu wahame, na mwenye maiti yake aichimbue mapema. Wengi walichimbua. Mama alikataa. Baba alikuwa amekufa msimu uleule, matanga yake hayajamalizwa, na kwetu mtu hasumbuliwi kaburini kabla ya matanga kwisha. Tena hakuona haraka ilikuwa ya nini. Alikuwa amezaliwa kando ya mto ule na aliujua: mvua ikinyesha unapanda, kiangazi unarudi mahali pake. Angemhamisha baba kiangazi.

Kiangazi kikaja na maji yakazidi kupanda. Yalimeza mihogo, yakameza nyumba, mwisho yakafunika makaburi. Mama alijijengea kibanda juu ya kilima, akabaki na nguo zake nyeusi, anayatazama tu.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeolewa Kolwezi, kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi, na Mkasai mmoja mcheshi aliyependa viatu vyake ving'ae hata siku ya matope. Nilikuwa na mimba ya kwanza na nilimtaka mama yangu. Nilitaka anishike mgongo siku ya kuzaa, amwogeshe mtoto, anigombeze jikoni. Nilimbembeleza mpaka nikachoka. Jibu lilikuwa lile lile, na baba alimwita tata, kama watu wa kwetu.

"Mi siwezi kuacha tata yako mu mayi. Yakishuka, nitakuja."

Basi sisi ndio tukawa tunamfuata, Jumamosi ambazo hakuna mwezi, na tukawa tunavua naye. Mwezi ukiwaka samaki hawaitaki taa. Mume wangu alileta taa ya karabidi ya mgodini: unatia mawe yake chini, maji yanadondoka juu yake tone kwa tone, hewa inayotoka unaiwasha, na mwanga wake ni mweupe, unanuka kama kitunguu saumu. Tuliitundika kwenye ufito uliochomoza mbele ya mtumbwi, karibu na uso wa maji. Wadudu wanaanguka, vidagaa wanakuja kula wadudu, na nyuma ya vidagaa, polepole, wanapanda wakubwa.

Chambo alikitengeneza mume wangu mwenyewe. Alichukua kipande cha waya wa shaba, akakiponda kikawa bapa kama jani, akakisugua kwa majivu na ndimu mpaka kikawaka. Chini yake alifunga ndoana za spoki za baiskeli na unyoya wa kuku. Mama alipokiona mara ya kwanza alicheka hadi akakohoa. Samaki gani atakula sufuria? Usiku ule alivuta kambale watatu, akaacha kucheka, akaanza kutufundisha. Hukirushi. Unakishusha mpaka karibu na chini, unakipandisha kidogo, unakiachia, kama mtu anayekoroga uji bila haraka. Kamba inalala juu ya kidole cha shahada. Na haifungwi mkononi hata siku moja, maana hujui nani anavuta upande wa pili. Alisema hivyo, "nani", na mimi sikuipenda.

Matata yalikuwa ya ukwe. Mume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawaambiani neno moja kwa moja, na kugusana ndiyo aibu kubwa kuliko zote. Sasa uwaweke watu hao wawili kwenye mtumbwi mmoja! Mama alikaa mbele penye taa, mume wangu nyuma na kasia, ametupa mgongo, na mimi na tumbo langu katikati, nimekuwa simu.

"Mwambie bwana yako aache kupiga mayi. Samaki haiko kiziwi."

"Mama anasema uache kupiga maji."

"Mwambie mama nimesikia."

"Amesikia, mama."

Nilikuwa nacheka, lakini moyoni nilikuwa na hofu. Kila mara mama alituelekeza mahali palepale. Alipima kwa kilima na kwa kichwa cha mti uliokufa, na mimi nilijua tuko juu ya nini. Chini ya chombo chetu kulikuwa na uwanja wa nyumbani tuliokuwa tukiufagia, na nyuma ya uwanja alikuwa baba. Taa ilipotulia, mwanga wake ulionekana chini kwa chini, kama kuna mtu anayetembea huko na taa yake. Akili iliniambia ni taa yetu hiyohiyo. Mwili wangu haukukubali.

Usiku ninaousema, upepo ulikuwa umekufa kabisa. Nilipoinua macho niliona kamba imezunguka kiganja cha kushoto cha mama, mara mbili, yeye aliyetukataza. Ilikuwa imekaza. Haikuruka wala kukata maji kama kamba yenye kambale. Ilikwenda chini moja kwa moja, na mama alikuwa anaifuata, anainama taratibu, mkono umeingia mpaka kiwiko, halafu bega, na uso wake ulikuwa mtulivu, karibu na kutabasamu. Mtumbwi ukalala upande.

Nilipiga kelele. Sikumwambia mume wangu mama anasema nini, maana mama hakuwa anasema kitu. Mume wangu aligeuka. Alimtazama, akaniruka, akamkumbatia mama kiunoni kwa mikono yake yote, akamvuta ndani, na kwa kisu cha samaki akakata ile kamba. Taa ilizimika majini. Tulibaki gizani, watatu, tunahema, na mmoja wetu alikuwa analia kwa sauti ndogo. Nilidhani ni mimi.

Asubuhi mume wangu alitembea hadi kijiji cha jirani, akarudi na kuku mweupe wa kuiosha ile aibu. Alimweka mlangoni, akageuza uso. Alisema kwangu, ili mama asikie, kwamba kamba ilikuwa imenasa kwenye kisiki. Miti iko mingi chini pale. Mama alimpokea kuku. Kisha akavua nguo za matanga, akavaa kitenge cha bluu nilichomletea zamani, akaanza kufunga vyombo vyake.

"Twende ku Kolwezi," alisema.

Furaha iliyonipata siwezi kuieleza. Niliimba huku nakunja mkeka. Nilikuwa nimempata mama yangu, mtoto wangu ataogeshwa na bibi yake, na ziwa lifanye litakalo. Ni pale tu tulipokuwa tunasubiri lori barabarani, mume wangu amesimama mbali kwa adabu ya ukwe, ndipo nilipomuuliza, kwa kumtania, nini kimembadilisha, mbona maji hayajashuka.

"Sina mutu wa kungojea tena," alisema. "Bwana yako alimukata."

Nikamwambia ni kisiki, mama. Kisiki tu.

Alikuwa anakisugua kiganja chake cha kushoto, penye alama ya kamba. Hakukasirika.

"Kisiki kinakamata, hakiachilie. Huyu alikuwa anavuta, anaachilia, anavuta tena. Pole pole. Ni vile tata yako alikuwa ananiamusha asubui."

Lori lilikuja. Mume wangu alipanda nyuma, akapakia mizigo ya mama mkwe wake bila kumtazama, kwa adabu zote, na njia nzima alikuwa na furaha ya mtu aliyeokoa maisha. Alilifurahia tendo lile mpaka uzee wake. Sikumwambia kamwe alitenganisha nani na nani.