Siku Mwalimu Alipoanzisha Wimbo Juu

Kwaya yetu ilijua mwalimu ana shida kubwa kabla hajamwambia mtu yeyote, hata mke wake. Tulijua kwa jinsi alivyoanzisha wimbo.

Nieleze. Kanisa letu pale Shauri Moyo, Nairobi, lilikuwa la mabati, na kwaya ya watu wazima haikuwa na kinanda. Mwalimu, ambaye siku za kazi alikuwa karani katika ghala moja la Industrial Area, alikuwa akisimama mbele yetu, akifumba macho na kuimba neno la kwanza peke yake. Sisi tuliingia kwa sauti nne. Pale alipoanzia ndipo sote tuliposhikilia hadi mwisho. Akianza chini, besi walizama. Akianza juu, kina mama wa sauti ya kwanza waliishiwa na pumzi kwenye kiitikio. Na wimbo ukishaanza, huwezi kuushusha katikati.

Nilikuwa katibu, nikiimba teno, na kwa miaka yote niliyoandika kumbukumbu za kwaya alianzia pale pale, hata akiwa na mafua. Bado natamani yale mazoezi ya Jumamosi alasiri: chai ya rangi kwenye sufuria iliyobonyea, mvuke wa pasi kwenye sare tulizoshona kwa vitambaa vya soko la Gikomba, na yeye akitusubiri bila haraka mpaka wa mwisho afike.

Jumapili moja alianza juu mno. Kwenye ubeti wa pili sauti ya kwanza ikakatika kabisa. Watoto wakacheka. Mchungaji akafungua Biblia upesi, kana kwamba wimbo umeisha.

Baada ya ibada tulikusanyika nyuma ya kanisa.

"Mwalimu, leo umetupandisha ghorofa ya saba na lifti imekufa," kijana mmoja wa besi akasema.

"Wewe nyamaza, hata ya kwanza hujawahi kufika," akamkata mama mmoja wa sauti ya pili, muuza mboga, mkubwa wetu kwa umri. Tulipomaliza kucheka akamgeukia mwalimu. "Baba, hilo si koo. Umepatwa na nini?"

Mwalimu aliikunja karatasi ya wimbo mara nne. "Ghala linafungwa mwisho wa mwezi, mama. Nyumbani bado sijasema. Nilikuwa nimebaki na kwaya tu, na sasa naiharibu."

Zilikuwa zimebaki wiki mbili kufika mashindano ya kwaya za makanisa. Katikati ya wiki kamati ya kwaya ikakaa, na mwenyekiti akataka tutafute mtu mwingine wa kuongoza. Si kwa ubaya. Alisema mwalimu apumzike. Mwalimu mwenyewe alitazama sakafu. Kama si yule mama, tungepiga kura jioni hiyo, na nadhani angeondoka.

"Mwacheni aende mashindanoni," mama akasema. "Nitasimama karibu naye."

Sikumwelewa mpaka siku yenyewe. Ukumbi ulikuwa umejaa. Badala ya kufumba macho, mwalimu alimwinamia mama. "Mama, sema kitu."

"Niseme nini? Sukuma wiki yangu nimeiacha juani, ikinyauka utainunua wewe."

Alisema kwa sauti yake ya kila siku, ile ya kuuzia mboga, nzito na isiyo na haraka. Mwalimu akatabasamu, akaichukua sauti hiyo kama ilivyo, akaanzia wimbo hapo hapo. Kila mtu alifika. Tulishika nafasi ya tatu na tukarudi kwa miguu tukiimba.

Tangu hapo nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi. Mkubwa akiingia asubuhi na hofu yake, ofisi nzima hushinda ikifanya kazi kwa kuifuata hofu hiyo, bila kujua imetoka wapi. Sijaona hata mmoja akimgeukia mtu na kumwomba aseme kitu.

Siku hizi naishi mtaa wa Komarock. Nilipohama nilimkabidhi katibu mpya daftari, na ndani yake, kwa mwandiko wangu, mna uamuzi wa kamati: suala la kumbadilisha mwalimu limeahirishwa hadi kikao kijacho. Mwezi uliopita nilimpigia katibu huyo simu nikauliza. Mwalimu bado anaongoza. Suala lenyewe halijaamuliwa.