Mgeni Aoge, Sisi Tutajipaka

Juzi nilipanda Newala, na kitu cha kwanza nilichokiona nyumbani kwetu kilikuwa binti wa binamu yangu akinyunyiza maji uani ili vumbi litulie. Alichota kwa kiganja kutoka kwenye ndoo, akarusha chini, akachota tena, taratibu kama mtu anayelisha kuku. Nilisimama na mzigo wangu mkononi, nikaangaza huku na huku nikitafuta mtu mzima wa kumkemea. Hakuna aliyeshtuka. Bomba lipo karibu na jiko, na maji siku hizi ni kitu cha kurusha chini.

Wewe uliyekulia kando ya mto utanicheka. Lakini miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, mimi nikiwa mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, huku mlimani maji yalikuwa na heshima kuliko watu. Mvua zikiisha, wanawake walishuka bondeni. Mama alitoka giza bado zito, akateremka ukingo wa mlima kwa njia nyembamba, akarudi jua likiwa utosini na debe kichwani, majani mabichi yakielea juu yake ili maji yasirukeruke. Kwanza yalikwenda kwenye chungu, kisha kwenye mtungi wa kunywa, kisha kwenye udhu wa Bibi. Kuoga kulikuwa mwishoni, na mara nyingi debe lilikuwa tupu kabla ya kufika mwishoni.

Hapo ndipo mafuta ya nazi yaliposhika zamu. Nazi hazikuota kwetu. Zilipanda kutoka pwani kwa lori, kwenye magunia, na Baba, aliyekuwa akikata mkonge upande wa Lindi, hakukosa kutupakilia. Siku ya kukamua, Bibi alikalia mbuzi tangu asubuhi, akakuna mpaka sinia likajaa theluji ile tamu. Tui alilikamua kwa maji ya nazi zenyewe, maana maji ya bondeni hakuyatoa kwa kazi hiyo. Kisha moto mdogo, na kungoja. Tui lilichemka, likakatika, likatulia, mafuta yakapanda juu mepesi, na chini ya sufuria ukabaki ukoko wa kahawia ambao sisi watoto tuliugombania na ugali wa muhogo. Mtaa mzima ulijua kwa harufu kwamba kwetu kunakamuliwa.

Na yalifanya nini mafuta yale? Yalifanya kila kitu. Mama alipaka viganja kabla ya kubangua korosho, utomvu usimchubue. Bibi aliyapasha moto akamdondoshea mtu sikioni. Mtoto mchanga wa jirani alichuliwa nayo mapaja na mgongo mpaka akalala katikati ya kilio. Yalilainisha kidole kabla ya funza kutolewa, yalilainisha nywele kabla ya kusukwa, yaliwaka kwenye kibatari mafuta ya taa yalipoisha, na bawaba ya mlango ilipolia Bibi alisema, "Nayo ina kiu, ipake."

Zaidi ya yote, tuliogea. Bibi alikukalisha kwenye kinu kilichopinduliwa, akakupaka mafuta mwili mzima, kisha akakufuta kwa kitambaa kikuukuu, akasugua mpaka kitambaa kikawa chekundu kwa vumbi letu. Akageuza upande, akafuta tena. Upande wa pili ukitoka safi, ndipo alipopaka mara ya mwisho, kidogo tu, ya kung'aa. Tulitoka pale tumemetameta, tukidhani hivyo ndivyo watu wote duniani wanavyooga.

Sasa nikufikishe kwa dada yangu. Dada alikuwa amekwisha kutoka unyagoni, mrefu, mwenye shingo ambayo wanawake waliitaja bila kuombwa. Kijana mmoja wa Nanganga, ambaye baba yake alikuwa na duka kando ya barabara, alipanda sokoni kwetu na mizigo ya vitambaa, akamwona, naye dada akamwona. Sisemi zaidi. Najua tu kwamba dada alianza kujitazama kwenye kibao cha kioo cha Bibi, na alipokuwa akitwanga alikuwa akitabasamu peke yake. Alimtaka yule kijana. Nyumba nzima tulijua, na nyumba nzima tulimtakia.

Wakatuma kusema kwamba shangazi wa kijana atakuja kumtazama binti. Ilikuwa kiangazi kibaya, upepo unainua vumbi hata kwenye chakula. Mama alishuka bondeni siku moja baada ya nyingine, akarudi miguu imevimba, mpaka tukawa na madebe yaliyofunikwa kwa ungo kwenye kivuli cha jiko. Moja kati ya hayo lilitengwa kwa ajili ya dada. Lilikuwa lake, aoge jioni kabla hajapelekwa mbele ya mgeni. Bibi alilifunika mwenyewe na kutukataza hata kulisogelea.

Shangazi, mwanamke mnene mcheshi, mwenye sauti ya kujaza nyumba, aliteremka kwenye lori na mwenzake mmoja. "Jamani vumbi lenu!" alisema kabla hajaketi. "Nimekuwa kama muhogo uliochimbwa sasa hivi. Nipeni maji nijimwagie, wenzenu tumezoea mto."

"Karibu, dada, yapo," Mama akasema.

Nilibeba kata mpaka uani. Mgeni alioga, na mwenzake akaoga. Wakala wali na kuku, wakapumzika, na alasiri shangazi akasema mwili umemrudia joto, akaoga tena, na safari hii akafua na kanga yake. Nyuma ya ua wa nyasi tulisikia kila kata ikimwagika. Mama alikuwa akimenya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. Kila maji yalipopiga chini, kisu chake kilisimama. Bibi akainuka, akafunua ungo, akachukua debe la dada, akamkabidhi Mama apeleke uani.

"Bibi," dada akanong'ona, "na mimi?"

"Mgeni aoge," Bibi akasema. "Sisi tutajipaka."

Akampaka. Lakini mikono yake ilikuwa na haraka, kitambaa kilipita mara moja tu, na dada alikuwa ametoka jikoni kwenye moshi na majivu. Jirani yetu, aliyekuja kusaidia kupakua, alimshangilia mlangoni: "Huyo! Leo hata taa haina kazi humu ndani." Dada akacheka kwa woga, akaingia, akapiga magoti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama. Hebu njoo hapa nikuone." Akamshika mkono, akaugeuza kwa upole, kama mtu anayetazama kitambaa dukani. Kisha, sidhani kwa ubaya, akachukua pembe ya leso yake nyeupe akaipitisha kwenye kifundo cha mkono wa dada.

Leso ikatoka na rangi ya udongo wetu.

Aliitazama. Akamwonyesha mwenzake. Akaangua kicheko kile cha kujaza nyumba. "Eh, Bibi! Mwali huyu hamkumwogesha, mmemkaanga!"

Mwenzake alicheka mpaka akajishika ubavu. Hata jirani yetu alicheka kidogo, kisha akaziba mdomo kwa kanga na kutoka nje. Dada alibaki amepiga magoti, mkono wake bado uko hewani pale ulipoachwa. Sijaona tena mkono wa mtu ulioachwa vile.

Nilikuwa mdogo, na niliyajua maji yale yalikokwenda. Nilivuta pumzi niseme. Kiganja cha Bibi kikanifika mdomoni kabla ya neno, kimejaa mafuta, nikayameza pamoja na maneno yangu. Nilisikia sauti yake juu ya kichwa changu, imetulia kabisa:

"Ndivyo tulivyo huku, mama. Ngozi zetu zinapenda mafuta kuliko maji. Utatuvumilia."

Ningejuaje wakati ule kwamba kwetu kumwambia mgeni maji yamekwisha ni sawa na kumwonyesha mlango? Bibi alichagua tuitwe wachafu, tusiitwe wachoyo.

Jibu lilikuja na lori. Walimkubali. Uso ulikuwa mzuri, adabu ipo, kijana hataki mwingine. Ila shangazi aliomba jambo moja: binti ateremshwe mapema kabla ya harusi, akae kwake, afundishwe kuoga. Na asijisumbue kubeba mafuta.

Mama aliketi kwenye kizingiti akalia bila kujificha. Alisema tukatae, wachumba hawajaisha. Bibi alikuwa amekwisha kuweka chupa za mafuta ya harusi, yaliyotiwa karafuu, zimepangwa chini ya kitanda chake. Alimgeukia dada, akamtazama tu.

"Nitakwenda," dada akasema, akiangalia sakafu.

Alikwenda bila chupa hata moja. Mafuta ya harusi tuliyapikia mbaazi, na kila tonge lilinukia karafuu, na hakuna aliyesifu.

Aliolewa, akapendwa, akazaa. Alipokuja kutusalimu mara ya kwanza, utingo alimshushia mzigo, na juu ya mzigo lilikuwapo debe la maji, limefungwa kwa plastiki na kamba. Alikuwa amebeba maji yake ya kuoga kuja nyumbani kwa mama yake. Mama aliona, akageuza uso. Bibi alipiga kigelegele. Akawaita majirani wote na vikombe vyao: "Njooni muone, mjukuu wangu amenikumbuka, ameniletea maji ya mto!" Akawagawia, kikombe kwa kikombe, huku akimwombea dada dua, na dada amesimama pale akipokea shukrani za maji ambayo hakuyaleta kwa ajili yetu. Debe likaisha. Usiku ule alilala na vumbi la safari, na asubuhi akapanda lori la kwanza.

Bibi alifariki bomba halijafika. Shangazi alipanda matangani pamoja na dada, amezeeka, sauti bado ile ile. Tulikuwa wengi kwenye jamvi, wanawake wa mlimani waliochota bondeni maisha yao yote, na yeye akamsifu marehemu kwa moyo mweupe. "Mkarimu yule! Siku ya kwanza nilipofika hapa nilioga asubuhi, nikaoga alasiri, nikafua na kanga, na hakuna aliyenikunjia uso. Maji walikuwa nayo tele. Tatizo lao ni kwamba wenyewe hawakupenda kuoga tu."

Akina mama wakainamisha macho. Kila mmoja alijua kiangazi kile, alijua debe moja lina ngazi ngapi za mlima ndani yake. Uso wangu uliwaka, na hadi leo sijui kama niliona haya kwa ajili yetu, kwa ajili ya leso ile, au kwa ajili ya shangazi yule mzee aliyekuwa akisema kweli jinsi alivyoiona.

Njia ya bondeni sasa imemezwa na vichaka. Mafuta hayakamuliwi, wasichana wananunua ya kopo, yenye picha ya ua. Wanawake walioweza kuficha kiu yao kwa tabasamu wamekwisha, na mimi, ninayewalilia, ndiye yule yule ninayeoga mara mbili kabla sijashikana mikono na mtu.

Siku ile matangani niliamua kumtazama dada, nikitumaini angalau yeye atasema. Alikuwa ameketi ubavuni mwa shangazi, amenawiri, ngozi yake imekauka kwa sabuni. Alitabasamu. "Ni kweli, mama," alimwambia shangazi. "Mimi mwenyewe mlinifundisha nyie."

Na Mama, aliyekuwa akipitisha chakula, alisikia, akaendelea kupakua.