Kushuka Bila Injini

Kuna watu hujisifia watoto, wengine hujisifia ng'ombe. Jaffari wa Bulyaga alijisifia mafuta yaliyobaki kwenye tangi. Ungemkuta pale kijiweni Tukuyu, madereva wenzake wakiilalamikia petroli, yeye kakaa kwenye bodi la kirikuu chake, kile kigari kidogo cha mizigo, anatabasamu kama mtu aliyekula akashiba. Bei mpya hutangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Jumatano hizo kijiwe kizima kilinuna. Lita ilipovuka elfu tatu, dereva mmoja, Meshaki, alisema bora auze gari anunue punda. Jaffari akamwambia punda naye anakula.

Kazi yake ilikuwa ndizi. Asubuhi anashuka mtupu hadi Kisiba, anapakia mikungu, anapanda nayo mjini. Kupanda na mzigo hakuna ujanja, gari linakunywa na wewe unaangalia tu. Ujanja wote uko kwenye kushuka. Kila penye mteremko Jaffari aliweka gia free, akazima swichi, akaliacha gari liende lenyewe. Breki bila injini huwa nzito, unakanyaga kama unakanyaga gogo, lakini mguu wake ulishazoea. Mteremko mmoja mmoja aliupima mwenyewe, safari kwa safari, kwa kidumu cha mafuta, mpaka akajua upi unampa nini. Haba na haba, alipenda kusema, na mkewe Rukaya alishachoka na msemo huo, maana hata chumvi nyumbani ilitiwa kwa haba na haba.

Tusimcheke lakini. Mwenye gari kuukuu, watoto watatu shuleni, na bei ambayo haimuulizi mtu maoni, ulitaka afanye nini? Wengi walishuka hivyohivyo. Yeye aliwazidi kwa jambo moja tu, kwamba hakuacha hata kamteremko kadogo, jua liwake au ukungu ushuke.

Na ukungu wa kule mwezi wa sita si mchezo. Unaona waipa, mbele ya waipa huoni kitu. Watu wa kando ya barabara asubuhi kama hizo hutembea kwa masikio. Pembeni ni utelezi na matope, kwa hiyo wanakanyaga barabarani. Wakisikia mngurumo wanaingia kwenye majani, gari likishapita wanarudi. Hakuna aliyewafundisha, ndivyo walivyokua.

Aliyeliweza jambo hilo kuliko wote alikuwa Bibi Ikupa, mjane mwenye ng'ombe mmoja, ambaye kila alfajiri alipeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, kidumu kichwani. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Ila masikio, acha kabisa. Bibi alimjua Meshaki kwa ekzosi yake iliyotoboka, akamtania kwamba gari lake linakohoa kuliko mume wake marehemu. Jaffari akipanda na ndizi, bibi akiwa anarudi na kidumu kitupu, alinyoosha mkono kabla gari halijatokeza kwenye kona.

"Ugonile, gwe Jafali," anamsalimia, kwa matamshi yale ya wazee wa Kinyakyusa, na Jaffari anapunguza mwendo amwitikie.

Siku moja alimuuliza, "Mwanangu, mbona kupanda nakusikia, kushuka sikusikii? Unashukia wapi?"

Jaffari alicheka tu. Alimwambia, "Napita bibi, ni wewe tu hujaamka." Angeweza kumweleza siku ile. Hakumweleza, na hakuna siku katika maisha yake anayoikumbuka kama hiyo.

Kisha ikaja Jumatatu moja. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, na Jaffari akafika juu ya mteremko mrefu kuliko yote, akafanya kama siku zote. Gia free, swichi chini. Kukawa kimya. Matairi kwenye barabara yenye unyevu hayasemi kitu. Kirikuu kikashika kasi taratibu, naye akawa anawaza Jumatano ile wataongeza shilingi ngapi tena.

Alimwona akiwa hatua mbili mbele. Aliona mgongo, kitenge, na kidumu cheupe juu. Bibi hakugeuka, hata kichwa hakukitikisa. Mguu wa Jaffari ukakanyaga kwa nguvu zote, gari likachelewa kutii.

Kabla hata ya kufungua mlango, Jaffari aliwasha injini. Mpaka leo hajui kwa nini mkono wake ulianza na kitu hicho. Anajiambia alitaka amwahishe hospitali, na ni kweli alimpakia akamkimbiza, lakini bibi hakufika akiwa hai. Ila watu walipochomoka kwenye migomba walikuta gari linanguruma, na tangu hapo kila mmoja aliapa kwamba aliusikia mngurumo tangu juu kilimani. Binadamu tuko hivyo.

Askari wa barabarani alipomuuliza, alijibu, "Injini ilikuwa inawaka, afande. Bibi hakusikia." Maneno yakatoka yenyewe, laini kabisa. Yakaandikwa.

Msibani Jaffari alikwenda na mchele na sukari, akakaa chini ya turubai na wanaume, hajui aweke wapi mikono. Tulia, mtoto pekee wa marehemu aliyekuwa akiishi naye, alimfuata palepale mbele za watu. Jaffari alidhani amekuja kumtukana, akasimama ayapokee. Tulia akamshika mkono.

"Usijitese, kaka Jaffari. Kosa ni langu. Mama masikio yalikuwa yamekwisha, mimi nalala naye nyumba moja sikuona. Ningemzuia asitoke."

Wanawake wakamwambia Tulia anyamaze, asijilaumu, uzee hauna adabu. Jaffari alisema "Pole". Familia ikaandika polisi kwamba haina kinyongo naye. Jambo likaisha, kwa wengine.

Kwake ndiyo kwanza lilianza. Aliacha kuzima. Alishuka miteremko yote injini ikiwaka, gia ya pili, honi mkononi, hata mchana kweupe. Pale kijiweni wakaanza kumtania. Meshaki alimuuliza kama amepata urithi, maana siku hizi anakunywa mafuta kama Fuso. Rukaya alimpakulia chakula akakuta sahani imejaa vilevile, akamuuliza kama ni malaria, mumewe akasema labda. Usiku aliusikia ule ukimya, na nyumba ilikuwa na watoto watatu wanaokoroma.

Pengine angekaa na ukimya huo hivyo hivyo mpaka kaburini. Kilichomtoa ni habari za Tulia. Kila aliposimama kununua ndizi alisikia jipya. Tulia amempeleka shangazi yake hospitali akapimwe masikio. Tulia anawapigia wanawe makofi nyuma ya vichwa aone kama watageuka. Anawauliza majirani mmoja mmoja, wewe hukuona dalili kwa mama? Nao majirani, kwa huruma tu, wakaanza kuona. Mmoja akakumbuka alimwita bibi siku moja asiitikie. Mwingine akasema tangu mwaka jana alikuwa anajibu visivyo. Yule bibi aliyelijua kila gari barabarani akawa, mdomoni mwa watu, kiziwi wa miaka mingi. Jaffari aliyasikia hayo akiwa ameshika mkungu, akauweka chini. Alimuua mara moja, na sasa watu walikuwa wanammaliza kwa niaba yake.

Alikwenda Alhamisi, mchana. Tulia alikuwa uani anamenya ndizi, akamwonyesha kigoda, akamuuliza habari za nyumbani. Jaffari alijibu zote. Kisha akasema.

"Tulia, nilikuwa nimezima injini."

Kisu kikasimama kwenye ganda. "Ulizima lini?"

"Siku ile. Juu kule, kwenye kona. Nilishuka kimya. Nimewasha baada ya kumgonga. Mama yako masikio yake yalikuwa mazima, hakukuwa na kitu cha kusikia."

Tulia hakulia. Alimtazama kama anayejaribu kumkumbuka ni nani.

"Ulizima kwa nini?"

"Kuokoa mafuta."

"Kiasi gani?"

Jaffari angeweza kusema hajui. Dereva yeyote mwingine wa Tukuyu angesema hajui, na angekuwa mkweli. Yeye alijua.

"Mteremko ule ni robo lita," akasema.

"Robo lita."

"Ndiyo."

Tulia aliitazama ndizi iliyokuwa mkononi mwake. "Nimemwambia mchungaji mama alikuwa kiziwi," akasema polepole. "Nimewaambia wanangu. Nimemwomba Mungu msamaha kila siku kwa kutokuona. Nilishaanza kuzoea. Uziwi ningeuweza, ni uzee, ni wa Mungu. Hii robo lita niiweke wapi?"

Jaffari alisema nisamehe, na neno lenyewe akaliona dogo likiwa bado mdomoni. Tulia aliendelea kumenya, moja baada ya nyingine, mpaka ndizi zikaisha. Kisha akabeba sufuria yake, akaingia ndani, akafunga mlango.