Boga la Chooni

Juzi, rafiki yangu, nilikwenda bandarini kununua mboga. Ningeweza kumtuma mtu. Nyumba niliyoijenga hapa Siyu ina vyumba vya kutosha, matangi mawili ya maji na taa zinazowaka kwa nguvu za jua, na watu wa kutumwa hawakosekani. Lakini mimi ni mtu wa kujionea mwenyewe, na ndiyo maana nimefika nilipofika. Mashua ilishusha makabeji, nyanya na mafungu ya mboga yaliyonyauka kwa safari ya kutoka bara, na wanawake wa mji huu, wajukuu wa wanawake waliokuwa wakilisha nyumba nzima bila kununua jani, wakasukumana kuyagombea. Nikanunua fungu moja la mchicha. Nilipofika nyumbani lilikuwa limelala mkononi kama kitambaa kilicholowa. Mke wangu akalitazama, akanitazama na mimi, akauliza, "Bwana, hili nilipike au nilizike?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na nilipokwisha kucheka, nilikuwa nimerudi katika ile miaka ya hamsini, Mwingereza angali anatutawala, nami ni mtoto wa bibi yangu mzaa mama.

Mama yangu alikuwa amefariki, na baba alikuwa Mombasa akitafuta. Alichokipata alikileta, ila hakikuwa kingi wala hakikuja kwa wakati. Mimi na bibi tuliishi katika nyumba ya udongo na makuti, na nyuma yetu lilisimama gofu la nyumba ya mawe ya baba yake bibi. Dari ilikuwa imeanguka kabla sijazaliwa, lakini kuta zilisimama imara, na ndani ya kuta hizo ndimo bibi alimokuwa akilima. Mbuzi hawakuweza kuingia. Upepo wa chumvi ulipita juu kwa juu. Katika msana, ile sebule ndefu ambamo zamani walikaribishwa wageni, zilipandwa bamia na mabiringani, na kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani ambamo wazee walipambia sahani za kigeni, bibi aliweka vitunguu, vibuyu vya mbegu na miche iliyoanzia katika vifuu vya nazi. Ukiingia asubuhi ulisikia harufu ya udongo uliotiwa maji na majani ya nyanya, na sauti ya kata ikigonga mtungi.

Hakuna kilichopotea katika nyumba ile. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwenye mchicha, ya kuoshea samaki yalikwenda kwenye mabiringani, na mimi nilioga nimesimama juu ya mfereji uliofika kwenye bamia, kwa hiyo nasema bila kuogopa mshindani kwamba nimeogesha bamia nyingi kuliko mtu yeyote wa kisiwa cha Pate. Majivu ya mekoni tuliyanyunyiza juu ya majani kuwafukuza wadudu. Machicha ya nazi walikula kuku, na walichoacha kuku kilirudi shambani. Mifupa ya samaki ilipondwa ikafukiwa. Chakula cha jioni kilikuwa tayari kabla ya magharibi, kwani bibi hakuona sababu ya kuchoma mafuta ya taa ili tutazame mkate tunaoujua. Msemo wake ulikuwa, "Mayi yakifanya kazi moja, bado yana nguvu ya kazi ya pili." Aliyasema hayo kwa lugha ya kwetu, ambayo maji huyaita mayi, taratibu, huku mikono yake ikiendelea na shughuli.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Mwaka mmoja mwalimu wa skuli alimwita bibi akamwambia kwamba nimemaliza madarasa ya hapa, na kwamba nina akili, tena nyingi. Hili sikulitunga mimi. Alitaka nipelekwe Amu, yaani Lamu mjini, kuendelea baada ya Idi ya kuchinja. Ilihitajika nguo, nauli, na chakula cha kupeleka katika nyumba ya jamaa ambaye angenipa mahali pa kulala. Bibi alirudi nyumbani, akavua buibui, akatoa amri.

"Nyumba hii mwaka huu hainunui kitu kiotacho."

"Na samaki, bibi?"

"Samaki haoti. Huyo tutamnunua Ijumaa."

Kila kilichobaki shambani baada ya sisi kula kilipaswa kuuzwa, na kilichopatikana kiliwekwa kwa ajili yangu. Hesabu ilikuwa nyepesi hivyo: gofu likizaa, nakwenda Amu, gofu lisipozaa, nabaki kuchunga mbuzi wa watu.

Mwezi haukupita, akatushukia kaka yake bibi. Nilimwita babu. Alikaa Amu na biashara yake ilikuwa mawe na chokaa. Mawe makubwa aliwauzia waashi, madogo akiyachoma. Alikuwa mtu wa maneno matamu na kofia safi. Akalizunguka gofu huku akizigonga kuta kwa fimbo.

"Dada, gofu hili lina faida gani? Wanakaa mijusi tu."

"Mijusi na mimi," bibi akamjibu.

"Utalima nje."

"Nje kuna mbuzi wa mji mzima."

"Dada yangu, mimi ndiye mwanamume. Nyumba ya baba ni yangu kuiangalia."

Bibi akaweka kata chini. "Baba ametuacha wawili. Nipe fungu langu."

"Gofu haligawanywi, dada. Tutachekwa."

"Mola amekwisha kuligawanya. Mimi nataka kupimiwa tu."

Basi akaitwa mwalimu wa chuo, aliyetufundisha Kurani, mtu mfupi mwenye subira. Alikuja na kamba ya usumba, akapima gofu zima, akalitia katika mafungu matatu yaliyolingana: mawili ya kaka na moja la dada, kama sheria inavyosema. Kisha akasema mwanamke achague kwanza kwa kuwa ndiye aliyepatunza. Babu akakubali kwa adabu. Kila mtu alijua bibi atachagua msana, palipokuwa na mazao yake.

"Nataka kile cha nyuma," alisema bibi.

Mwalimu akakohoa. "Cha nyuma ni choo, Bi."

"Nakiona."

Babu aliegemea ukuta akacheka hadi kofia ikamwanguka. "Enyi watu wa Siyu! Dada yangu amerithi choo!" Halafu akamwonea huruma, ile huruma ya mtu aliyekwisha kushinda. "Chukua msana, dada, angalau una kivuli."

"Choo chatosha."

Mimi nililia. Kesho yake alfajiri nyundo zilianza. Vumbi jeupe lilifunika mabiringani, zidaka zikavunjika moja baada ya moja, na ukuta wa mbele ulipolala, mbuzi waliingia kama walioalikwa harusini. Hadi adhuhuri hapakubaki hata jani la bamia. Niliona shati langu la skuli likitafunwa mbele ya macho yangu.

Jioni bibi alinishika mkono, akanipeleka chooni. Kilikuwa chumba kirefu chenye kuta nne nzima, na pembeni birika kongwe la mawe ambalo bado lilishika maji ya mvua. Hapo kale, nyumba ilipokuwa na watu wengi, shimo lake lilitumika kizazi baada ya kizazi, kisha likajaa udongo lenyewe na kusahaulika. Bibi akachimba kwa kidole. Udongo ulikuwa mweusi, laini, una harufu ya mvua tu.

"Wakumbuka lile boga kubwa la mwaka jana?" aliniuliza.

Nilikumbuka. Lilikuwa boga tamu kuliko yote niliyowahi kula.

"Nililipanda msana. Likapanda ukuta lenyewe, likashuka huku, likazalia hapa. Boga lilikuwa limejua kabla yangu."

Nikashika tumbo. "Bibi, tulilila?"

"Ulilila, ukaomba tena."

Mvua za masika ziliponyesha, kile choo kiligeuka kitu cha kutazamwa. Mchicha ulifika kifuani kwangu. Bamia zilizaa mpaka bibi akawa anazikata vipande na kuzianika juu ya jamvi. Maboga yalilala chini ya majani kama watoto waliojificha. Mimi nilibeba kikapu kichwani asubuhi, nikazunguka Siyu, na kikibaki kitu nilishika ndia ya miguu hadi kijiji cha Chundwa. Nilikuwa mwuzaji hodari. Nilijua nani anapenda bamia changa na nani akisifiwa watoto wake ananunua mara mbili. Nguo yangu ya kwanza ikashonwa.

Ndipo jirani yetu, mwanamke mwema mwenye ulimi usiolala, aliposema kisimani, "Hivi nyinyi mnaonunua zile mboga, mwajua zinaota wapi? Zinaota katika choo cha mababu!"

Maneno yalifika sokoni kabla ya ndoo yake kujaa. Watoto wenzangu wakanifuata wakiimba, "Boga la chooni! Boga la chooni!" Kikapu kikarudi nyumbani kama kilivyotoka, siku ile, na siku iliyofuata, na wiki nzima. Idi ilikuwa inakaribia, na jamaa wa Amu alikuwa amekwisha kuagiza salamu kwamba ananingoja. Kwa mara ya kwanza nilimwona bibi ameketi na mikono mitupu.

Alikaa hivyo siku moja tu. Kesho yake alikata boga kubwa kuliko yote, akalipika kwa tui zito na iliki, akalipakua katika sahani ya kaure iliyosalia ya baba yake, akanifundisha maneno, akanituma barazani mwa msikiti baada ya sala ya alasiri. Wanaume walikuwa wamekaa, mwalimu wa chuo katikati yao, na babu pembeni, maana alikuwa amekuja kuchukua shehena nyingine ya mawe. Sauti yangu ilikuwa nzuri tangu utotoni.

"Mwalimu, bibi akusalimu. Asema hili ndilo boga la chooni. Ukiona ni haramu, limwage hapa hapa. Ukiona ni halali, lile mbele ya watu."

Mtu mmoja akasema, "Lahaula!" Mwalimu aliitazama sahani, kisha akamgeukia babu.

"Bwana, kile choo kimetumika mwisho lini?"

"Mimi sikukikuta kikitumika," babu akajibu. "Wala baba hakukikuta."

"Basi udongo umerudi kuwa udongo. Na hata kama ungekuwa na najisi, kinachoota juu yake ni tohara. Utaosha nje yake, utapiga bismillahi, utakula." Akanawa mikono bila haraka. "Mmea unaota kwa amri ya Mola. Haukuomba ruhusa ya choo."

Akala. Akala tonge la pili. La tatu alilila amefumba macho, na harufu ya iliki ikapita juu ya vichwa vya watu. Babu akasogea kwa makalio, kidogo kidogo, mpaka akafika.

"Mwalimu, usilimalize. Hilo boga ni la nyumba ya baba yangu."

"Ni la dada yako," alisema mwalimu mdomo umejaa. "Fungu lako wewe umelichoma chokaa."

Vicheko vilivyotoka pale vilisikika mpaka kwa bibi mekoni. Babu mwenyewe alicheka kuliko wote, nami nasema haki yake: alipewa tonge, akala, na safari aliyoondoka na mawe yake alinunua maboga mawili kwa fedha taslimu.

Kuanzia siku hiyo kikapu hakikufika Chundwa tena. Kiliishia mlangoni kwetu. Jirani alikuja wa mwisho, amejifunika uso nusu.

"Bi, nipe mche mmoja."

"Kwani chooni kwako hakuna nafasi?" bibi alimwuliza. Walicheka mpaka wakashikana mabega, akampa miche mitatu na mbegu juu.

Baada ya Idi nilikwenda Amu na nguo mbili mpya, kikapu cha bamia zilizokaushwa, na maboga ya kutosha kuifanya nyumba ya jamaa isinione mzigo. Mengine unayajua, au kama huyajui, uliza mtu yeyote hapa: nilisoma, nikapita, nikaenda Mombasa na Nairobi, nikapata stashahada ya ufundi wa maji, wa kwanza katika mtaa wetu. Nilipomletea bibi ile karatasi aliishika kwa ncha za vidole, akatazama muhuri kwa muda mrefu, akaniambia, "Iweke mahali pakavu." Ndivyo alivyokuwa akisema juu ya mbegu.

Bibi hayupo sasa. Babu hayupo, mwalimu hayupo, na lile gofu limo katika kuta za nyumba za watu huko Amu, watu wasiojua wanalala ndani ya msana wa nani. Kuta za choo zimeanguka zenyewe. Siku hizi maji hufanya kazi moja tu, kisha humwagwa barabarani, na mchicha unasafiri kuliko watu. Lakini udongo haujaondoka. Nimenunua kwa warithi wa babu mafungu yao mawili, nimejenga ukuta mpya kwa pesa yangu halali, na mke wangu, aliyetaka kuuzika mchicha wa bandarini, amekwisha kufukia mbegu za kwanza.

Mahali pale panaitwa Bustanini. Ndilo jina walilolikuta vijana, na wanaahidiana kukutana hapo bila kufikiri. Wiki iliyopita mmoja wao aliniuliza ni bwana mkubwa gani aliyekuwa na bustani hapo zamani. Nikamwambia hapakuwa na bwana mkubwa. Palikuwa na choo, na mwanamke aliyekichagua mbele ya watu.