Qadriya wa Bulaki

Mwaka aliozaliwa, kijijini kwao karibu na Qena, karibu kila nyumba ilikuwa na Qadriya. Wenyewe walitamka Gadriya, kwa ile ga nzito ya watu wa Saidi, kusini mwa Misri. Darasani kwake walikuwa watatu, mwalimu akiwatofautisha kwa majina ya baba zao.

Alikuja Kairo akiwa na miaka kumi na saba, bi harusi wa Bakhit, mpiga pasi, Msaidi mwenzake. Wakapanga chumba cha chini katika jengo letu, mtaa wa Bulaki. Mimi nilizaliwa ghorofa ya pili, na mengi ya haya alinisimulia mwenyewe tukichambua mlenda barazani.

Wiki ya kwanza alikwenda kununua nyanya. Mwenye nyanya akamwuliza jina.

"Gadriya."

"Nani?" Yule mama akaangua kicheko. "Jamani, njooni mumsikie Msaidi! Mwanangu, hapa mjini hatuna Gadriya. Sema Adriya."

Kairo ile qafu, herufi inayoanza jina lake, humezwa, ikabaki pumzi kooni. Binti wa watu akarudi nyumbani bila nyanya, analia.

"Wamelikata jina langu kichwa," akamwambia mumewe.

"Basi hicho kichwa nitakitunza mimi," Bakhit akajibu. "Huko nje wakuite watakavyo. Humu ndani wewe ni Gadriya."

Alipopata mtoto wa kwanza, Bakhit alitaka aitwe Qasim, jina la baba yake. Mke akagoma. "Kwenu atakuwa Gasim, hapa Asim. Mimi nataka jina ambalo hata mwendawazimu hawezi kuliharibu." Mtoto akaitwa Hani. Akafuata Samia. Tangu hapo mtaa mzima ukamwita Mama Hani, na jina lake likapumzika. Bakhit peke yake, kutoka kwenye mvuke wa pasi, alikuwa akipaza sauti: "Gadriyaaa! Chai!" Sisi watoto tulimwigiza ngazini na kucheka.

Bakhit akafariki. Miezi ikapita, siku moja mjane wake akaniambia, "Unajua, tangu afe Bakhit sijaitwa."

"Mbona twakuita kila siku, Mama Hani?"

"Hani ni jina la mwanangu."

Nikajaribu kumwita Gadriya. Akacheka mpaka machozi. "Acha, mwanangu. Unasema kama waigizaji wa kwenye televisheni wakijifanya Wasaidi."

Mjukuu wake Marwa, binti wa Samia, alipojifungua mtoto wa kike, alikuja kwa heshima zote. "Bibi, nimpe jina lako?"

"Ili iweje? Shule nzima itamwita kizee! Hebu niambie, ni lini mara ya mwisho umesikia Qadriya mwenye meno ya utotoni?"

Marwa akasema mumewe anapenda jina la Talin.

"Talin ndiyo nini?"

"Ni jina tu, bibi. Kliniki leo wako wanne."

"Hewala. Hatakosa wenzake."

Mwaka jana kulikuwa na harusi ya mtoto wa kaka yake, nami nikamsindikiza kwa treni hadi Qena. Hatujafika mlangoni, kikongwe mmoja akatokeza uani, mikono imejaa unga. Alikuwa Zinat, waliyesoma naye.

"Gadriya! Gadriya binti Hamdan! Mwizi we, uliniachia mbuzi wote nichunge peke yangu, ukaenda kula mji!"

Mama Hani akakaa palepale chini, vumbini, na shela lake jipya. Nikadhani amezimia. "Niache," akaniambia. "Mwache aniite tena."

Tulikwenda kwa siku tatu. Mimi nilirudi, yeye akabaki. Hani alimpigia simu kila wiki kumwuliza atarudi lini, akijibiwa mara ngano haijavunwa, mara Zinat anaumwa mguu. Mwishowe akaenda mwenyewe kumchukua. Aliwakuta wanawake wawili mbele ya tanuri, wanagombana juu ya hamira, kila mmoja akimwita mwenzake kwa jina. Akala mikate yao, akamwachia mama yake dawa za presha, akarudi Kairo peke yake.